Chumba na Wimbo: Mahali pa Mazoezi na Mafunzo ya Muziki Mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili: wimbo unasema nini, na unasema kwa lugha ya namna gani. Swali la tatu, yaani wimbo ulifanyiwa mazoezi wapi na kwa idhini ya nani, ama huachiwa wanahistoria wa miji ama hupuuzwa kabisa. Kwa upande wa nyimbo za Katanga, upungufu huu una madhara makubwa. Lubumbashi ni mji uliojengwa kwa ajili ya shaba. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa Union Minière du Haut-Katanga, na tangu siku hizo karibu kila ukuta ndani yake ulikuwa na mwenyewe aliyejulikana: kompani, misheni, serikali au mfanyabiashara. Mwanamuziki aliyetafuta mahali pa kupigia ala, au pa kumfundishia kijana, alikuwa akitafuta pia bwana wa mahali hapo.

Makala haya yanadai kwamba chumba cha mazoezi ni mshiriki katika utunzi. Kinaamua ni watu wangapi watapiga pamoja, kwa saa ngapi, kwa ala zipi, na mara nyingi kwa lugha gani na kuhusu nini. Dai hilo linatazamwa kupitia aina nne za mahali: ukumbi wa misheni na wa kompani, ua wa nyumbani na barabara, baa, na hatimaye kanisa. Kisha hali ya Lubumbashi inalinganishwa kwa ufupi na ile ya vilabu vya Zanzibar. Hapana haja ya kuomboleza kumbi zilizopotea. Ushahidi unaonyesha kwamba mji huu haukupungukiwa sana na kuta. Ulipungukiwa na mahali ambapo mwanamuziki anaweza kukosea na kuanza upya bila ya kumwudhi mwenye nyumba.

2.0 Ukumbi wenye bwana

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha mtindo wa kuajiri vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Nyumba, zahanati na shule zilijengwa, na shule hizo zikakabidhiwa wamisionari wa Kikatoliki, ambao mjini hapo walikuwa hasa Wabenedikti. Saa za mapumziko nazo zikaingizwa katika ratiba. Muziki wa tarumbeta, skauti, michezo na kwaya vilikuwa sehemu ya malezi ya mfanyakazi aliyetazamiwa kuwa mtulivu, mwenye afya na mwaminifu.

Tunda lililojulikana zaidi la mpango huo ni kwaya ya wavulana ya Msalaba wa Shaba, iliyoanzishwa mwaka 1937 na Padri Anschaire Lamoral. Katika mazingira hayohayo ya misheni ndimo alimofanya kazi Joseph Kiwele, mwalimu na mtunzi aliyezaliwa mwaka 1912, ambaye Misa yake ya Katanga iliweka matini ya ibada katika miondoko ya nyumbani. Mwaka 1960, Katanga ilipojitangazia uhuru wake chini ya Moïse Tshombe, ni Kiwele aliyetunga wimbo wa taifa wa dola hiyo, na akawa waziri wake wa elimu. Alifariki mwaka 1961.

Ni rahisi kumsifu Kiwele kama kipaji cha pekee na kuishia hapo. Lakini mhakiki hana budi kutazama kile ambacho ukumbi ulikifanya. Ulitoa paa wakati wa masika, ambayo mjini Lubumbashi huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Machi. Ulitoa kabati la kufungia ala, na mwalimu aliyerejea saa ileile kila wiki. Juu ya yote ulitoa muda mrefu wa kurudia jambo moja, na bila ya muda huo sauti nne za kwaya haziwezi kulingana. Muziki wa Kiwele unahitaji vitu hivi vyote. Haungeweza kuzaliwa barabarani.

Ukumbi huohuo ulidai malipo yake. Aliyefundishwa ndani yake hakuchagua nyimbo, wala hakuweza kuendelea na mazoezi pindi padri au afisa wa kompani alipoona kwamba kazi imeelekea pasipofaa. Njia iliyomtoa mtunzi kwenye Misa na kumfikisha kwenye wimbo wa taifa haikuwa ndefu. Katika hali zote mbili alitunga kwa ajili ya taasisi iliyomiliki chumba. Kusema hivi si kumshutumu. Ni kukumbusha tu kwamba ubora wa fani na ufinyu wa uhuru vilitoka mahali pamoja, na mhakiki anayeusifu ule wa kwanza hana budi kuutaja na huu wa pili.

3.0 Ua, barabara na gitaa moja

Mji wa kikoloni uligawanywa. Kati ya sehemu ya Wazungu na mitaa ya Waafrika paliachwa ukanda mtupu. Upande wa pili wa ukanda huo ndiko ulikoanzishwa mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, kisha ule unaoitwa Kenya, usiohusiana na nchi ya jina hilo, na baadaye Katuba na Ruashi. Huko familia ilikaa katika kiwanja kilichozungushiwa ua, kile ambacho wenyeji hukiita kwa neno la Kifaransa, parseli. Vyumba vilikuwa vidogo, na maisha yakaendeshwa uani. Muziki usiokuwa wa misheni wala wa kompani ulipata nafasi yake hapohapo, kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo.

Hapo ndipo panapofaa kuisikiliza upya kazi ya Mwenda Jean-Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, akitembea na gitaa lake barabarani. Wimbo wake Masanga, uliorekodiwa mwaka huo, ulienea Afrika nzima ya Mashariki na ya Kusini. Mwaka 1969 alifika hadi kwenye tamasha la Newport, Marekani. David Rycroft alipochambua upigaji wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi vidole vya mtu mmoja vilivyoshikilia sauti zaidi ya moja kwa wakati mmoja, besi ikienda njia yake na nyuzi za juu zikijibizana nayo.

Maelezo ya kawaida ya ustadi huo hutaja kipaji cha Bosco na mila za ala za zamani. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Mtindo wa kulifanya gitaa moja litende kazi ya kundi zima ni jawabu la kisanaa kwa mtu asiyekuwa na ukumbi. Gitaa la mbao halihitaji umeme, wala mlinzi, wala barua ya kuomba chumba. Linabebwa begani kutoka ua hadi ua, na mazoezi hufanyika popote palipo na kigoda.

Mahali hapo paliathiri matini pia. Mwanakwaya hufanya mazoezi kwa faragha na kuonekana siku ya sherehe, ilhali mpiga gitaa wa uani ana wasikilizaji tangu siku ya kwanza: majirani, watoto, mgeni aliyepita kudai deni. Kwa hiyo nyimbo nyingi za mtindo huu zimejengwa kwa beti zinazoweza kuongezwa, kupunguzwa na kupangwa upya kufuatana na aliyepo. Mhakiki anayelalamika kwamba beti hizo hazifuatani anazipima kwa kipimo cha wimbo uliokamilishwa chumbani. Kulegea kwa muundo ni sehemu ya fani yake, kwa kuwa wimbo ulitarajiwa kukatizwa.

Mafunzo nayo yalifuata njia hiyohiyo. Mwanafunzi alikaa mbele ya fundi, akatazama vidole, akaenda kwao kujaribu. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Shaba, kama jimbo hilo lilivyoitwa wakati huo, ili ajifunze kwa Bosco, Edouard Masengo na Losta Abelo. Kitabu chake cha mwaka 1982 ni ushahidi kwamba shule ya gitaa la Katanga ilikuwa ni mtu na kiti chake. Shule ya namna hiyo ina udhaifu mmoja usioepukika: haina mahali pa kubaki baada ya mwalimu kuondoka. Bosco alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1990, hapakuwa na chumba ambamo kijana angeweza kuingia wiki iliyofuata na kumkuta mwanafunzi wake mkubwa akiendelea na somo.

4.0 Baa na mwenye vyombo

Gitaa la umeme lilibadili masharti. Vikuza sauti, besi na ngoma za kizungu vinahitaji umeme, mlango wenye kufuli na gari la kuvibebea. Ni wachache waliokuwa na vyote hivyo, na wengi wao walikuwa wenye baa. Hivyo okestra za mitaani zilipata nyumba yao ya tatu. Mchana, wakati viti vimepinduliwa juu ya meza, wanamuziki walifanya mazoezi yao, ambayo wenyeji huyaita repetisyo. Usiku walilipa kodi ya mahali kwa kupiga muziki uliouza bia.

Faida ya mpango huu isidharauliwe. Baa ilimpa mpigaji umeme, ala ambazo asingeweza kuzinunua, na wasikilizaji wa papo kwa papo. Lakini mwenye baa alikuwa na hesabu zake. Wimbo mrefu wenye sehemu kubwa ya kuchezesha watu ulimfaa kuliko wimbo wa mawaidha. Nyimbo za Kilingala kutoka Kinshasa, ambazo wateja walikwisha kuzisikia redioni, zilimfaa kuliko utunzi mpya wa Kiswahili usiojulikana. Mazoezi ya baa kwa kawaida yakawa mazoezi ya kunakili. Anayechunguza kwa nini Kiswahili cha Katanga, chenye wasemaji wengi hivi, kilipata nafasi ndogo katika muziki wa dansi wa nchi yake, asitafute sababu katika siasa ya lugha peke yake. Atazame pia ni nani aliyekuwa na ufunguo wa chumba.

Jambo la pili ni umiliki wa ala. Pale mwenye vyombo na kiongozi wa bendi ni mtu mmoja, ugomvi mdogo humtoa mwanamuziki nje akiwa mikono mitupu. Historia ya bendi za Kikongo katika Afrika ya Mashariki imejaa migawanyiko. Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, aliipeleka Baba National Dar es Salaam na kisha Nairobi katika miaka ya 1970, na mwaka 1976 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga na kuunda Les Mangelepa. Orchestra Maquis, yenye asili ya Katanga, nayo ilikita mizizi Dar es Salaam katika miaka hiyo. Walioondoka walikuwa na sababu nyingi za kiuchumi na za kisiasa. Hata hivyo ni kinaya kwamba baadhi ya wanamuziki wa Katanga walipata wasikilizaji wengi wa nyimbo za Kiswahili baada ya kuuacha mji wao.

5.0 Mazoezi kama utunzi

Ushahidi bora wa kile kinachotendeka ndani ya mazoezi unatoka kwa jirani wa muziki, yaani tamthilia. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, kundi maarufu kwa michezo yake ya Kiswahili redioni na katika televisheni, lilipokuwa likitayarisha mchezo juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima. Kitabu chake Power and Performance, kilichotoka mwaka 1990, kinaonyesha hatua kwa hatua jinsi mchezo ulivyokua kutoka mjadala wa mwanzo, kupitia mazoezi kadhaa, hadi onyesho katika kijiji cha Kawama. Hapakuwa na matini iliyoandikwa ya kukariri. Wahusika, mabishano na maneno yenyewe vilizaliwa katika mazoezi.

Kwa uhakiki wa fasihi simulizi, funzo lake ni zito. Ikiwa matini huzaliwa wakati wa mazoezi, basi saa za mazoezi ndizo saa za utunzi, na mwenye kupunguza saa hizo anapunguza matini. Kundi linalolipia chumba kwa saa, au linalofanya kazi machoni pa mfadhili, hukimbilia lile linalojulikana tayari. Sehemu inayokatwa kwanza ni ile ya kubishana, kujaribu na kutupa, nayo ndiyo inayozaa jambo jipya. Mchezo juu ya mamlaka usingeweza kuzungumzwa kwa uwazi huo katika chumba ambacho mwenye mamlaka anaingia apendavyo.

6.0 Baada ya kompani

Mpango wa zamani ulivunjika kwa muda mfupi. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu mwaka 1967, ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991, na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai mwaka 1992 na 1993, uzalishaji ulianguka hadi chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kompani iliyolipa mishahara, shule na zahanati haikuweza tena kuwa mlezi wa tarumbeta na kwaya. Hata ukumbi wa tamthilia wa mji, uliojengwa katika miaka ya 1950, uliingia katika shughuli za siasa na kuwa makao ya bunge la jimbo.

Pengo hilo limejazwa zaidi na makanisa. Parokia za zamani, Wamethodisti waliofika Katanga tangu miaka ya mwanzo ya mji, na makanisa mengi ya uamsho, yote yana kwaya zinazokutana siku za kazi jioni. Yana kinanda, vikuza sauti, na mara nyingi jenereta ya kutumia umeme unapokatika. Kijana wa Lubumbashi anayetaka kujifunza besi au ngoma bila ya malipo atajifunza kanisani. Taasisi ya Taifa ya Sanaa iko Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, hivyo kwa walio wengi kanisa ndilo chuo chao cha muziki.

Mhakiki wa nyimbo asidharau chuo hicho. Lakini ni chumba chenye bwana, kama vile vya kabla yake. Wimbo wa mapenzi, wa kejeli au wa siasa hauwezi kufanyiwa mazoezi mbele ya madhabahu, na pengine kijana anayepiga baa usiku hutakiwa achague. Vituo vya utamaduni vimefungua mlango mwingine. Halle de l'Étoile, kituo cha Kifaransa, imepokea maonyesho ya muziki kwa miaka mingi. Picha, iliyoanzishwa mwaka 2008 na inayoandaa maonyesho ya kila baada ya miaka miwili, na kituo cha Waza, vimetoa nafasi kwa wasanii wa aina mbalimbali. Hata hivyo kazi za vituo vya namna hii hutegemea miradi, na mradi huwa na mwisho. Somo la gitaa linahitaji miaka.

7.0 Mfano wa vilabu vya Zanzibar

Wanaosema kwamba mwanamuziki maskini hawezi kuwa na chumba chake watazame Zanzibar. Akhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na klabu iliyokuja kujulikana kama Culture mwaka 1958. Katika vilabu vya taarab jumba ni la wanachama. Mazoezi hufanyika jioni, kijana huketi nyuma ya mpiga fidla mkongwe, na mtunzi huleta shairi lake likajaribiwa mbele ya watu wanaomjua. Taarab imepitia masultani, mapinduzi na watalii, na haikosi kuathiriwa na kila utawala. Lakini mwendelezo wake unatokana kwa sehemu kubwa na nyumba hizo zisizokuwa na fahari.

Mfano huo usitukuzwe kupita kiasi. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, kilitikiswa na upungufu wa fedha mwaka 2019 hata kikatangaza hatari ya kufungwa. Chumba kizuri kinachotegemea mfadhili wa mbali kina udhaifu uleule wa ukumbi wa kompani. Tofauti iko kwa mwanachama anayetoa mchango mdogo kila mwezi na ambaye, kwa sababu hiyo, ana haki ya kuuliza ufunguo uko wapi.

Kwa Lubumbashi, basi, mahali panapokubali kazi nyingi si lazima pawe jengo jipya. Madarasa hubaki matupu saa kadhaa za jioni na mwisho wa juma, na kumbi za parokia hazitumiki kila siku. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi juu ya mambo matatu. La kwanza ni saa: zijulikane na zisibadilishwe kwa ghafla, ili mwalimu aweze kumwahidi mwanafunzi somo la wiki ijayo. La pili ni kabati: ala za kundi zifungiwe hapo na ziwe mali ya kundi. La tatu, ambalo ni gumu zaidi, ni maudhui: mwenye chumba akubali kutochagua nyimbo. Yamkini parokia au mkuu wa shule atalikataa sharti la tatu. Akilikubali yale mawili tu, atakuwa amepata kwaya nyingine, na mji utabaki pale ulipokuwa.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kila mahali pa mazoezi mjini Lubumbashi paliacha alama yake katika wimbo: ulinganifu wa sauti katika ukumbi wa misheni, gitaa moja lenye sauti nyingi uani, dansi ndefu ya Kilingala katika baa, na ustadi wa vijana kanisani unaoishia katika nyimbo za dini. Imeonyeshwa pia kwamba wimbo wa Kiswahili wa kidunia, wenye kejeli na mawaidha ya mji, ndio uliopata chumba kidogo kuliko nyingine zote.

Tangu mwaka 2000 mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ambao wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki wamekuwa miongoni mwa viongozi wake, umekusanya masimulizi ya wakazi juu ya kazi, chakula na burudani. Watafiti wa fasihi wangefanya vyema kuongeza swali moja katika mahojiano yao na wanamuziki wazee: mlifanyia mazoezi wapi, na nani alikuwa na ufunguo? Wazee walioifahamu mitaa ya Kamalondo na Kenya katika miaka ya 1950 wanazidi kupungua. Majibu yao yatausaidia uhakiki kueleza fani ya nyimbo hizo, na yatawasaidia vijana wanaotafuta chumba leo kujua ni masharti gani wakubaliane nayo na yapi wayakatae.